Mama aliyeharibu filamu ya jeshi

Jana usiku nilikuwa nasaka usingizi, nikaishia kuangalia filamu ya Kijapani ya mwaka 1944. Inaitwa Rikugun, yaani Jeshi, ya Keisuke Kinoshita. Nyeusi na nyeupe, sauti inakwaruza. Jeshi lenyewe ndilo lililoiagiza, ili wazazi wapeleke watoto wao vitani kwa moyo mkunjufu.

Nusu ya kwanza nilikaribia kuizima. Hotuba juu ya hotuba, uzalendo mpaka unachosha. Kuna wazee wawili wanagombana vibaya kuhusu Wamongolia walivyoivamia Japani karne ya 13, kama ule upepo uliozamisha meli zao usingevuma Japani ingeshinda au la. Hapo nilicheka peke yangu.

Halafu ikaja ile sehemu ya mwisho. Mama, anayeigizwa na Kinuyo Tanaka, anasikia tarumbeta. Anatoka mbio, anapenya umati unaopeperusha bendera, anamtafuta mwanawe kati ya mamia ya askari wanaopita. Anampata. Anatembea kando yake, wanatazamana, umati unamsukuma mpaka anaanguka. Anainuka, anaunganisha viganja, anaomba.

Hasemi kitu! Uso tu, na machozi.

Wakubwa wa jeshi walichukia, maana mama wa mwanajeshi alitakiwa kufurahi. Kinoshita hakuongoza filamu nyingine hadi vita vilipokwisha.

Saa nane usiku nikarudisha nyuma, nikaangalia tena pale anapokimbia.