Nilivyoushuhudia usugu wa dawa ukihama kutoka bakteria mmoja kwenda kwa mwingine

Wengi tulifundishwa kwamba bakteria sugu huwaachia usugu huo wanawe: anajigawa, watoto wanafanana naye, na ukoo unaendelea. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba bakteria anaweza kumgawia jeni jirani ambaye si mtoto wake, wala wakati mwingine si wa spishi yake, wote wawili wakiwa hai, ndani ya saa chache tu. Niliyasoma hayo chuoni na kuyajibu kwenye mitihani. Baadaye nikataka kuyaona, hapa hapa Mwanza, kwa vifaa tulivyonavyo. Naeleza nilivyofanya kwa sababu najua wapo wanafunzi wa maabara wanaotamani kulifanya jaribio hili wakidhani linahitaji mashine kubwa.

Aliyenisukuma ni mama yangu mdogo, muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Alipata UTI, vidonge havikumsaidia, mkojo ukaoteshwa, na majibu yakasema ana E. koli, bakteria wa utumboni, aliye sugu kwa ampisilini, kwa septrini, na hata kwa sindano ya seftriaksoni. Akaniuliza, "Mwanangu, septrini sawa, nimemeza sana. Lakini hiyo sindano mimi sijawahi kuchomwa maisha yangu yote. Mdudu wangu ameizoea lini?" Ni swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuulizwa na watu wenye shahada.

Jaribio lenyewe ni la zamani. Mwaka 1946 Joshua Lederberg na Edward Tatum, kule Marekani, walichukua aina mbili za E. koli, kila moja ikiwa na upungufu wake: hii haiwezi kujitengenezea virutubisho fulani, ile haiwezi kujitengenezea vingine. Kila moja ikiwekwa peke yake kwenye chakula duni haioti. Walipozichanganya, wakapata koloni chache (vishada vya bakteria) zilizoota, maana zilikuwa zimebeba uwezo wa pande zote mbili. Mwaka 1950 Bernard Davis akaweka chujio kati ya aina hizo mbili: kimiminika kinapita, bakteria hawapiti. Hakuna kilichoota. Kwa hiyo lazima wagusane. Miaka hiyo hiyo ya 1950 madaktari wa Japani walikuwa wanahangaika na Shigela wa kuhara damu aliyekuwa sugu kwa dawa kadhaa kwa mpigo, na mwishoni mwa muongo huo ikabainika kwamba usugu huo ulihama wote kwa pamoja kati ya Shigela na E. koli.

Ninachokipenda kwenye kazi ya Lederberg na Tatum ni kwamba ushahidi wao unasimama juu ya sahani tupu. Koloni zilizoota zina maana kwa sababu tu tunajua ni nani asingeweza kuota. Nilipolielewa hilo vizuri, mpango wangu ukajipanga wenyewe.

Nilihitaji mtoaji na mpokeaji. Mtoaji alikuwa E. koli kutoka kwenye hifadhi ya maabara, sugu kwa sefotaksimu, ambayo ni ndugu wa seftriaksoni. Huyu anachachusha laktosi, sukari ya maziwa, hivyo kwenye agari ya MacConkey, jeli ya kuoteshea bakteria, anaota akiwa na rangi ya waridi. Mpokeaji alikuwa E. koli wa maabara asiyechachusha laktosi, kwa hiyo koloni zake ni nyeupe hafifu. Sefotaksimu inamuua, lakini ni sugu kwa rifampisini, ile dawa ya kifua kikuu. Usugu wake huo uko kwenye kromosomu, yaani DNA kuu ya bakteria, na hauhami kirahisi. Sasa tia rifampisini na sefotaksimu kwenye sahani moja. Mtoaji anakufa kwa rifampisini. Mpokeaji anakufa kwa sefotaksimu. Anayebaki hai akiwa mweupe ni mpokeaji aliyepewa kitu na mtoaji.

Usiku wa kwanza niliwaotesha kila mmoja kwenye chupa yake ya supu ya virutubisho. Kesho yake nikawachanganya kwenye supu mpya na kuwaacha kwa nyuzi joto 37 bila kutikisa. Kutokutikisa ni jambo la msingi. Mtoaji anatoa unywele mwembamba uitwao pilasi, unamshika jirani na kumvuta karibu. Ukitikisa kwa nguvu unawatenganisha kabla hawajamaliza. Élie Wollman na François Jacob huko Paris waliutumia mtengano huo makusudi katikati ya miaka ya 1950: waliwakoroga bakteria kwenye blenda kila baada ya muda fulani, wakaona jeni ipi imeshavuka na ipi bado. Hivyo ndivyo walivyopanga jeni za E. koli kwa dakika badala ya kwa urefu.

Umeme ndio ulikuwa shida yangu kubwa, kwa sababu inkubeta, kabati la kuoteshea lenye joto, ikipoa, uhamishaji unashuka. Nilichukua deli la barafu, nikapanga ndani chupa za maji ya moto yaliyopozwa hadi kufikia joto ninalotaka, nikaweka kipimajoto katikati, na mirija yangu ikakaa humo kila umeme ulipokatika. Deli lenye mfuniko mzuri linatunza joto kama linavyotunza ubaridi. Unahitaji tu mtu wa kubadilisha chupa, na kazi hiyo niliifanya mwenyewe usiku.

Asubuhi ya majibu nilianza na sahani za ulinganisho. Nawashauri wote mfanye hivyo, kwa sababu ukianza na sahani ya mchanganyiko utashawishika kuamini unachotaka kukiona. Sahani ya mpokeaji peke yake ilikuwa safi. Sahani ya mtoaji peke yake ilikuwa na koloni mbili tatu za waridi. Hizo hazikunitisha: katika mamilioni mengi ya bakteria hutokea mmoja mmoja ambaye amebadilika mwenyewe akawa sugu kwa rifampisini, na rangi inamtaja. Ndiyo sababu nilitaka wapokeaji wa rangi tofauti tangu mwanzo. Sahani nyingine ya ulinganisho ilikuwa ya mpokeaji aliyewekewa supu ya mtoaji iliyopitishwa kwenye chujio la mikromita 0.22. Bakteria hawapiti hapo, ila DNA iliyoelea na virusi vya bakteria vinapita. Nayo ilikuwa tupu.

Kisha nikafungua ya mchanganyiko. Koloni nyeupe, za mviringo, ndogo kuliko za waridi, unaziona vizuri ukiinua sahani kuelekea dirishani. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia. Nilikaa nazo kwa muda kabla ya kumwita msimamizi wangu.

Kilichohama kinaitwa plasmidi: duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu, lenye jeni zake na mashine yake ya kujihamisha. Mtoaji hapungukiwi. Uzi mmoja wa DNA unakatwa na kuingia kwa jirani, na kila upande unaujazia uzi uliokosekana. Ni kama kumchongeshea jirani funguo huku ya kwako ukibaki nayo mfukoni. Tena jirani aliyepokea naye anakuwa mtoaji, ndiyo maana bakteria wachache sugu wanaweza kuwageuza wengi wasio ukoo wao.

Lakini hapo bado sikuwa nimemjibu mama mdogo. Jibu lilitoka kwenye hatua ya kawaida kabisa. Nilizichukua koloni nyeupe, nikazisafisha kwa kuziotesha upya, nikazipima kwa diski za dawa, yaani vikaratasi vyenye dawa: dawa ikiwaua bakteria, duara wazi hubaki kukizunguka kikaratasi. Diski ya sefotaksimu haikuwa na duara wazi kuizunguka, ila upande unaotazamana na diski yenye klavulaneti palitokea eneo wazi lililopanuka kuelekea huko. Klavulaneti huzuia beta-laktamasi, kimeng'enya kinachovunja dawa kama sefotaksimu, kwa hiyo nikajua ni kimeng'enya hicho kilichovuka. Diski ya jentamisini: sugu. Diski ya septrini: sugu. Mpokeaji kabla ya hapo alikuwa anauawa na zote. Wala mimi sikuweka jentamisini au septrini mahali popote kwenye jaribio langu.

Maana yake ni hii. Jeni hizo zimekaa kwenye plasmidi moja, zinasafiri pamoja. Mtu akimeza septrini mara kwa mara, bakteria wasio na plasmidi ile tumboni mwake wanakufa na wenye nayo wanabaki, pamoja na mzigo wote walioubeba, ukiwemo usugu kwa sindano ambayo hajawahi kuiona. Mdudu wa mama mdogo sikumfanyia jaribio hili, lakini nilipomweleza alielewa kabla sijamaliza. "Kumbe septrini ndiyo imemlinda asife na sindano," alisema. Sijapata kuisikia ikielezwa vizuri hivyo.

Kugusana si njia pekee. Frederick Griffith alionyesha mwaka 1928 kwamba bakteria wa nimonia wanaweza kuokota sifa kutoka kwa wenzao waliokufa. Bakteria wa kipindupindu, anayewasumbua sana watu wa pwani hii ya ziwa, jeni za sumu yake zinabebwa na kirusi cha bakteria, jambo lililogunduliwa mwaka 1996. Akiota juu ya kitini, ile ganda ya uduvi na vijidudu vya majini, anaanza kuokota DNA iliyoelea. Nikivuka daraja la mto Mirongo wakati wa mvua, nikiona kinachoshuka kuelekea ziwani, nayawaza hayo.

Swali la pili la mama mdogo lilikuwa: je, nikiziacha dawa, plasmidi inaondoka? Nalo nililipima. Niliziotesha koloni nyeupe kwenye supu isiyo na dawa, nikizihamishia supu mpya kila siku, kisha nikazitandaza kwenye agari isiyo na dawa. Kuzihamisha koloni nyingi bila kuvuruga nafasi zake nilitumia mbinu ambayo Joshua na Esther Lederberg waliichapisha mwaka 1952: kitambaa cha mahameli. Nilinunua kipande Makoroboi, nikakichemsha kwenye otoklevu, chombo cha mvuke cha kuua vijidudu, nikakifunga juu ya kigogo chenye upana wa sahani. Unakigusisha kwenye sahani yenye koloni, halafu unakigusisha kwenye sahani yenye sefotaksimu. Koloni isiyotokea kwenye ya pili ndiyo iliyoipoteza plasmidi.

Nyingi zilitokea. Plasmidi nyingi hubeba sumu inayodumu pamoja na kiuasumu kinachoisha haraka. Seli ikiipoteza plasmidi, kiuasumu kinaisha na sumu inaidhuru, kwa hiyo wanaoachana nayo ni wachache. Hao wachache niliwachukua, nikahakikisha kwamba sefotaksimu inawaua, nikawaweka tena usiku mmoja pamoja na mtoaji wa awali. Asubuhi sahani ya dawa mbili ilikuwa na koloni nyeupe tena.