Kilo tatu

Jumapili, saa nne usiku

Ujumbe wa dada umeingia asubuhi nikiwa nafua. "Nimekutengea kilo tatu kwenye sanduku. Zikizidi utajijua." Anakuja Desemba kutoka Reading, Uingereza, na hapa nyumbani Tanga kila mtu ameshapeleka haja zake. Shangazi anataka sufuria zisizoshika chini. Binamu anataka viatu. Mimi nimeomba anime, yaani katuni za Kijapani, za DVD, na dada amenijibu kwa kile kikatuni cha mtu aliyeshika paji la uso.

Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na majina kumi na moja. Niliiandika kwa raha ya mtu asiyelipa. Baadaye nikakumbuka kwamba nitalipa, tena kwa shilingi zinazogeuzwa pauni, raha yote ikaisha.

Kwa nini DVD, mwaka huu wa leo? Bando, kwanza. Episodi 26 zenye picha isiyogandaganda zinakula bando la maana, na ukitaka kuzirudia unalipa upya. Pili, vitu vya mtandaoni vinahama bila kuaga. Funimation, huduma ya kutazama anime mtandaoni, ilifungwa Aprili 2, 2024, na waliokuwa na zile nakala za kidijitali zilizokuja pamoja na diski zao, nakala hizo hazikuhamishiwa Crunchyroll, huduma iliyochukua nafasi yake. Diski zenyewe zimebaki kwenye rafu za wenyewe, hazijui hata kama kuna kitu kimefungwa.

Haya, kalamu nyekundu.

Zile ndefu zimeondoka bila msiba. One Piece ilianza 1999 na imeshapita episodi 1,000. Hiyo si ya sanduku, ni ya kontena. Naruto ya kwanza ina 220, na kuanzia ya 143 hadi ya 219 ni visa ambavyo havimo kwenye manga, yaani kitabu cha katuni chenyewe, vilivyotungwa ili mchora manga apate nafasi ya kutangulia. Siwezi kumbebesha dada yangu mzigo wa kusubiri. Fullmetal Alchemist nayo ziko mbili, ya 2003 yenye 51 na Brotherhood ya 2009 yenye 64, na rafiki zangu wamegombana kuhusu hizo mbili kuliko walivyowahi kugombana kuhusu Simba na Yanga. Nimezikata zote. Mizani ya jikoni ya dada ndiyo iliyoamua.

Monster nimeikata kwa uchungu. Inazo 74, na kule Marekani lilitoka boksi la kwanza tu la DVD, episodi 15, mengine hayakufuata. Ndivyo unavyojifunza kutazama kwanza kama hadithi imetolewa hadi mwisho, kabla hujapenda jalada. Mimi nimeshawahi kuachwa njiani. Zamani nilinunua barabara ya kumi na mbili diski moja iliyoandikwa kwamba ina anime ishirini. Picha ilikuwa kama imepigwa kupitia chandarua, maandishi ya chini yalikuwa Kiingereza ambacho hakuna Mwingereza angekielewa, na kila hadithi ilikatika penye utamu. Nilirudi kulalamika. Muuzaji akaniambia, "Kwani wewe ulitaka uone zote?"

Zilizobaki zote ni nzuri, na hapo ndipo nilipokwama tangu saa mbili.

Chukua Death Note. Mara ya kwanza nilikuwa chuo, tupo sita kwenye kitanda kimoja, laptopu juu ya ndoo iliyofudikizwa, na tulimaliza episodi 37 kwa siku mbili huku mmoja wetu akikosa mtihani wa majaribio. Tangu hapo nimejaribu kuirudia mara mbili, na mara zote nimeishia kwenye ya kumi hivi. Ukishajua nani atamzidi mwenzake ujanja, kinachobaki ni kitendawili kilichokwisha teguliwa. Nikiulizwa kama ni nzuri nitaapa. Kuinunua, hapana.

Cowboy Bebop ni kinyume chake. Ni ya 1998, ina 26, na karibu kila episodi inasimama yenyewe. Mabaharia wa angani wenye njaa, deni na mbwa mmoja, na muziki wa Yoko Kanno ambao mara ni jazi, mara ni kitu cha kanisani, mara ni harmonika tu ya mtu mpweke. Naweza kuweka diski yoyote nikiwa napiga pasi nguo za wiki. Hii imepita, na niliiwekea alama bila kufikiri.

Evangelion nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Kinachonisumbua ni wimbo. Kila episodi ilikuwa ikifungwa na "Fly Me to the Moon", lakini ilipoingia Netflix mwaka 2019 wimbo huo haukuwemo katika nchi nyingi, wakaweka kinanda. Diski za zamani zinao. Kwa hiyo kununua diski ya zamani ni kama kutunza kanga ya bibi ambayo kiwanda hakiichapi tena. Lakini nijiulize kwa uaminifu: nataka kumwona Shinji, yule kijana wa hadithi hiyo, akilia tena, au nataka tu kuwa na kitu ambacho wengine hawana? Nimeifuta.

Upande wa deki niko salama. Nyuma ya jalada la DVD kuna kidunia kidogo chenye namba ndani, ya kanda ya dunia ambako diski hiyo inachezeka. Marekani ni 1, Uingereza na Japani ni 2, sisi huku ni 5. Deki yangu, ambayo fundi ameshaifungua mara tatu, haijali namba yoyote. Na DVD za Uingereza ni za PAL, mfumo wa picha kama wetu, hivyo picha haitakuja nyeusi na nyeupe. Kununua za Japani kwenyewe sikufikiria hata kidogo: diski moja huwa na episodi mbili tu, bei ya kutisha, na kwa kawaida hazina maandishi ya Kiingereza. Dada atazitafuta kwenye maduka ya mitumba ya hisani, ambako Waingereza wanatupa hazina zao wakihama nyumba.

Sasa Mushishi.

Hii sikuiandika kwenye orodha ya kwanza kabisa, na najiona mjinga. Nilikuwa nayo kwenye flashi, flashi ikafa. Mama ndiye aliyeniuliza jioni hii, nikiwa nakata majina: "Na yule mganga wako mwenye nywele nyeupe, naye umemwagiza?"

Anamaanisha Ginko. Ana jicho moja, anabeba sanduku la mbao mgongoni, anavuta sigara ili moshi ufukuze hao mushi, viumbe ambao si wanyama wala si mizimu. Anatoka kijiji hiki anaenda kile, anakuta mtu ameingiliwa na kitu, anatibu anachoweza, anaondoka. Hakuna vita. Mwanzoni Mama alikuwa anapita tu sebuleni. Siku ya tatu akaja na kigoda. Kiingereza cha maandishi kinamkimbia, kwa hiyo nilikuwa namsomea kwa Kiswahili juu ya sauti ya Kijapani, nikijifanya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, ila bila mbwembwe maana Mama hapendi utani mtu akiwa anaumwa. Alikuwa na maswali. Hatozi hela? Mkewe yuko wapi? Kwa nini asimpeleke yule mtoto hospitali?

Kwenye episodi ya nane hakuuliza kitu. Kuna mwanamume anakaa ufukweni, mkewe alipotelea baharini kwenye ukungu, na amengoja zaidi ya miaka miwili. Watu wa kijiji wamezoea kumwona pale. Nilikuwa natafsiri, nikasikia sauti yangu tu chumbani, nikageuka. Mama alikuwa anaangalia mlango.

Mjomba alitoka na ngalawa mwaka niliozaliwa. Hapa nyumbani hatumzungumzii. Mama aliniambia usiku ule, kwa mara ya kwanza, kwamba bibi aliendelea kumpakulia chakula mpaka Ramadhani iliyofuata, na kwamba hakuna aliyethubutu kukila. Kisha akasema, "Weka nyingine," nikaweka.

Episodi 26, za 2005 na 2006. Nilipokuwa nazipanga kwa ubora, hadithi, muziki na bei, kwa nini sikujiuliza nani atakaa kwenye kigoda?

Saa tatu usiku nimemwandikia dada: Shikamoo dada. Bebop, na Mushishi. Hizo tu, nafasi itakayobaki weka sufuria za shangazi.

Amejibu sasa hivi. Kumbe jana alishapita kwenye duka moja kwa ajili ya orodha yangu ya mwanzo, akapiga picha rafu nzima. Bebop haikuwepo. Mushishi ipo, boksi zima, pauni sita. Lakini alifungua: diski ya pili imechanika michirizi kama imepekuliwa na kuku. Hana pa kuijaribu, laptopu yake haina hata tundu la diski. "Mdogo wangu, niichukue au niache? Wanafungua kesho saa tatu."

Nimehesabu kwa vidole. Wakiwa wamezigawa nne, tano, sita au saba kwa diski, ya nane ni lazima iwe kwenye diski ya pili.

Nimemwambia achukue. Fundi wa deki ana mafuta fulani ya kung'arishia diski, anasema hata yeye hajui yametengenezwa na nini. Mama nimemwambia imepatikana. Ya michirizi sijamwambia.