Kiti cha magurudumu na michoro ya Kondoa

Michoro ya miambani ya Kondoa, Tanzania, iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, lakini mingi iko kwenye miteremko mikali, kiti cha magurudumu hakifiki kwa urahisi. Basi tuanze na yanayowezekana kesho: mlango wa mapokezi. Ngazi moja ya sentimita 15 inahitaji njia ya mteremko yenye urefu wa sentimita 180, yaani kimo 1 kwa urefu 12. Fundi akiifupisha hadi mita moja, kiti kinaweza kupinduka kinyumenyume. Msimwage kokoto, magurudumu madogo ya mbele huzama.

Na wasioona? Mwamba hauguswi kamwe, mafuta ya vidole huharibu rangi. Chongeni nakala ya mchoro wa twiga kwenye ubao, mistari ikiinuka milimita 2 au 3, waipapase bila kuharakishwa.