Pointi saba bila tachidauni

Ukisoma kwamba timu ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, iliifunga South Dakota State 7 kwa 3, na unaujua kidogo mpira wa Kimarekani, utapata picha haraka: tachidauni moja, yaani kuuvusha mpira mstari wa mwisho wa mpinzani, ya pointi 6, teke la nyongeza la pointi 1, mambo yameisha. Tarehe 3 Septemba 2022, katika uwanja wa Kinnick mjini Iowa City, haikuwa hivyo. Zile saba zilitokana na teke moja la kupitisha mpira kati ya nguzo, pointi 3, na kumwangusha mpinzani mwenye mpira ndani ya eneo lake la nyuma mara mbili, kila mara pointi 2. Washambuliaji wetu hawakuuvuka mstari hata mara moja. Nilikuwa uwanjani, na ile mechi bado naibeba.

Mimi ni mtu wa Uvira, nikapitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa Iowa. Wakongo tuko wengi hapa; Kiswahili unakisikia dukani, kanisani, hata kwenye kituo cha basi. Wengi wetu tulikuja na kandanda yetu na tumebaki nayo. Mimi huu mpira wao uliniteka kupitia ulinzi. Nilikuwa beki wa kati kambini, na nilipoiona safu ya ulinzi ya Iowa kwenye televisheni nikaelewa ninachokitazama bila kuelezwa na mtu: watu kumi na mmoja wanaotembea pamoja, hakuna anayekurupuka, kila mmoja anamwamini wa pembeni yake. Kocha wao wa ulinzi, Phil Parker, amekuwa kwenye benchi la ufundi la Iowa tangu 1999, mwaka uleule Kirk Ferentz alipokabidhiwa timu nzima. Kwangu mimi hakuna mwalimu wa ulinzi anayemzidi katika vyuo vyote vya Marekani.

Tiketi nilipewa na mzee mmoja tuliyekuwa tukifanya naye kazi. Familia yake ilikuwa na viti vya msimu tangu enzi za Hayden Fry, kocha aliyemtangulia Ferentz, na siku hiyo wanawe walikuwa safarini. Nikaenda na mpwa wangu, mtoto wa dada, kijana wa sekondari aliyekuwa akicheza lainibeka, mlinzi wa mstari wa pili, kwenye timu ya shule yake. Alivaa jezi nyeusi na kunihimiza njia nzima tusichelewe, kwa sababu mechi ilikuwa inaanza saa tano asubuhi.

Kinnick unapokea watu 69,250 na ulikuwa umejaa. Kuna jambo hufanyika pale mwisho wa robo ya kwanza ambalo sijaliona kwenye uwanja mwingine wowote: watu wote husimama, wakageukia hospitali ya watoto iliyo ng'ambo ya barabara, na kuwapungia mkono watoto waliolazwa, ambao huwa madirishani juu wakitazama mechi. Hata wachezaji wa timu ngeni hupunga. Desturi hii ilianza 2017. Mpwa wangu alipunga mikono yote miwili. Wakati huo tulikuwa tunaongoza 3 kwa 0, kwa teke la Aaron Blom, na hakuna aliyejua kwamba tumekwisha kuiona mipira yote ambayo washambuliaji wetu wangeipitisha popote.

South Dakota State ni chuo cha jimbo jirani, kinachocheza ngazi ya chini ya ile ya Iowa. Walisawazisha katika robo ya pili, tukaenda mapumziko 3 kwa 3. Hawakuwa wanyonge, msimu huohuo waliutwaa ubingwa wa ngazi yao. Lakini Iowa ni timu inayotoa wachezaji wa kulipwa kila mwaka, na nyumbani kwake, mbele ya mashabiki wake, ilikuwa inasukuma gari lililozama tope.

Kwa asiyeujua mchezo: timu hupewa majaribio manne kusogea yadi 10. Zikipatikana, inaanza kuhesabu upya. Ikionekana hazitapatikana, katika jaribio la nne mpira hupigwa teke mbali ili mpinzani aanzie karibu na eneo lake. Siku ile mpangilio wetu ulikuwa uleule karibu kila mara. Jaribio la kwanza, kukimbiza mpira katikati, kwenye msitu wa watu. La pili, katikati tena au pasi fupi ya pembeni ambayo mabeki wao walikuwa wameshaisoma kabla haijarushwa. La tatu, kwotabeki Spencer Petras, mrusha pasi wetu, anarudi nyuma, anabanwa, anarusha kwa haraka. La nne, anaingia Tory Taylor kupiga teke.

Kuhusu Taylor lazima niseme. Anatoka Melbourne, Australia, alikolelewa na mpira wao wa kule, na teke lake ulikuwa unalisikia mpaka jukwaani juu. Siku ile alipiga mara 10, na mingi ya mipira hiyo iliishia ndani ya yadi 20 za wapinzani. Alikuwa anaupeleka juu mpaka wenzake wanafika chini kuungoja. Mpwa wangu alisema, "Mjomba, huyu ndiye mshambuliaji wetu," na alikuwa hatanii, nami sikumbishia.

Katika robo ya tatu watu walianza kuzomea. Walimzomea Petras, na nyuma yetu kundi la vijana likawa linaliita jina la kwotabeki wa akiba kila mpira ulipoanguka chini. Mimi nilikataa kuzomea na nikamwambia mpwa wangu asizomee. Petras alikamilisha pasi 11 kati ya 25, yadi 109, na hizo ni namba mbaya, sitaki kuzipamba. Lakini wapokeaji wake wawili wa kutegemewa walikuwa majeruhi, ukuta uliokuwa mbele yake ulikuwa unabomoka, na mpango aliopewa haukumsaidia hata kidogo. Kijana wa chuo huwezi kumbebesha peke yake mzigo wa ramani aliyochorewa na wakubwa. Mwenye kuulizwa ni benchi la ufundi.

Kisha teke la Taylor likawabana karibu kabisa na mstari wao, na hapo safu ya ulinzi ikafanya kazi niliyoipendea. Nilimwona Jack Campbell, lainibeka wetu, akitulia sekunde moja kabla ya kuondoka. Beki wa kati anaijua ile sekunde. Ndiyo inayotenganisha anayesoma mchezo na anayekimbia tu. Isaiah Davis, mkimbiza mpira wao, alipopokea mpira ndani ya eneo lao, Campbell alikuwa ameshafika. Wakaanguka wote. Mwamuzi akaunganisha viganja juu ya kichwa, pointi 2, uwanja ukapasuka. Mpwa wangu alinikumbatia kwa nguvu ya mchezaji, mbavu zikalia.

Sheria inasema baada ya pointi kama hizo, waliofungwa ndio wanaoupiga mpira kwenu. Yaani unapata pointi na mpira unapewa juu yake. Tulipewa. Hatukufanya nao lolote. Katika robo ya nne walinzi wakalirudia jambo lilelile, safari hii wakimwangusha kwotabeki wao Mark Gronowski ndani ya eneo lake, ikawa 7 kwa 3. Tukapewa mpira tena, matokeo yakawa yaleyale. Wapinzani walimaliza mechi na yadi 120 tu. Sisi, wenyeji, tulikuwa na 166.

Nje, kwenye maegesho, moshi wa nyama za kuchoma ulikuwa bado unapanda. Mzee wetu alitukaribisha kwa rafiki zake, akanikatia soseji na kuniuliza mimi mtu wa soka nimeonaje. Nikamweleza wazi: naupenda mpira wa kulinda, sina tatizo na kocha anayepaki basi, lakini nilichokiona leo ni timu iliyoufanya ulinzi kuwa kisingizio cha kutoshambulia. Hakukasirika. Alinikumbusha kwamba mwaka wa kwanza wa Ferentz, 1999, timu ilishinda mechi 1 na kupoteza 10, na watu walewale walitaka aondoke. Miaka mitatu baadaye alishinda 11. Mwaka 2015 alishinda zote 12 za msimu wa kawaida. Yote kwa njia hii hii: linda, piga mbali, subiri mwenzio akosee. Mzee alizungumza kama anayemtetea ndugu yake, na hoja yake ilikuwa na uzito. Uvumilivu wa Ferentz kwa watu wake ndio uliojenga kila kilichopo pale.

Lakini uvumilivu huo ulikuwa na bei. Aliyeongoza mashambulizi alikuwa Brian, mwanawe Ferentz, na msimu ule Iowa ilikuwa miongoni mwa timu za mwisho kabisa nchini kwa yadi za kushambulia. Wiki moja tu baada ya siku yetu, Iowa State walikuja hapohapo Kinnick wakashinda 10 kwa 7. Februari 2023 mkataba wa Brian ukaandikwa upya: timu ifikishe wastani wa pointi 25 kwa mechi. Nililipinga lile sharti tangu siku lilipotangazwa, kwa sababu lilihesabu hata pointi zinazoletwa na walinzi. Kwa kipimo hicho, hata zile pointi 4 za Campbell na wenzake zingeandikwa kwa kocha wa mashambulizi. Mwishoni mwa Oktoba 2023 chuo kikatangaza kwamba hataendelea baada ya msimu.

Na asiseme mtu kwamba vipaji havikuwepo. Sam LaPorta, mdakaji wa pasi, alikuwa uwanjani siku ile, amevaa jezi yetu. Mwaka uliofuata, akiwa na Detroit Lions, alidaka pasi 86, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa nafasi yake aliyewahi kucheza msimu wa kwanza katika ligi ya kulipwa hadi wakati huo. Nilipoisoma ile namba nilikumbuka jinsi alivyokuwa anakimbia kwenye nafasi pale Kinnick huku mpira ukipelekwa katikati, kwenye ule msitu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, tukalivuka daraja la mto Iowa na umati. Mpwa wangu alikuwa na furaha yake na hakutaka niiharibu.

"Kushinda ni kushinda, mjomba."

"Ni kweli. Lakini walioshinda ni nusu ya timu."

Akatembea kidogo bila kujibu. Yeye ni mlinzi, na najua ilimgusa. Kisha akaniuliza, kama anayenipa mtihani, "Haya, ungekuwa wewe kocha, ungefanyaje?"

Nikamwambia jaribio la kwanza kabisa, wakati wote wanangoja tukimbize katikati, mpira ningempa LaPorta, tena mbali, yadi 15 au 20. La pili vilevile, upande wa pili, mpaka mabeki wao waogope kusogea mbele. Akikosa leo, nitamrushia tena.

"Na wakiudaka wao? Wakituzuia mara tatu mfululizo?"

"Tutakuwa tumepoteza nini? Taylor yupo."