Alabama na Watoto, kwa Barabara ya 80

Watoto walitaka Florida, kwa Mickey. Kwa kuwa tunaishi Atlanta, kila mgeni anayetua kutoka Nairobi tunampeleka Auburn Avenue aone nyumba alimozaliwa Martin Luther King mwaka 1929, na wetu wenyewe wameshaikinai. Likizo ya Aprili nikasema tuvuke mpaka, twende Alabama.

Kilichowalainisha ni Jaramogi. Baba yao aliwasimulia kwamba Desemba 1963, mwezi uleule Kenya ilipopata uhuru, Jaramogi Oginga Odinga, mwanasiasa wa Kenya, alifika Atlanta, na vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi waliopigania haki za Weusi, wakaenda kumwona hotelini. Walipotoka waliingia mgahawa wa jirani, wakanyimwa huduma kwa sababu ya rangi yao, na baadhi wakaishia korokoroni. Kifungua mimba hakuamini mpaka alipojitafutia mwenyewe.

Kwenye kupanga nilishikilia jambo moja: tuupite mji wa Montgomery, tuanzie Selma, kisha turudi kwa Barabara ya 80 kama walivyotembea waandamanaji wa 1965 waliodai Weusi waruhusiwe kupiga kura. Mume wangu aliona napoteza mafuta. Njiani tulisimama Tuskegee, chuo kilichoanzishwa 1881, tukatazama majengo ambayo matofali yake yalifyatuliwa na wanafunzi wenyewe. Ukiingia Alabama unazawadiwa saa moja, kwa hiyo tulifika Montgomery mapema, tukalala.

Asubuhi, Selma. Daraja la Edmund Pettus limepinda mgongo. Ukianza kulipanda huoni ng'ambo. Machi 7, 1965, watu wapatao 600 walipanda hivyo hivyo, na walipofika juu kabisa ndipo wakawaona askari wamejipanga chini wakiwasubiri. John Lewis, mmoja wa viongozi wao, alivunjwa fuvu siku hiyo. Tulisimama hapo juu, malori yakitupita kwa kishindo, kitinda mimba kaning'ang'ania mkono. Akauliza Pettus ni nani. Jenerali aliyepigania majimbo ya watumwa, baadaye seneta. Kifungua mimba akaruka: "Sasa kwa nini hawajalibadilisha jina?" Baba mtu akawa kimya, mimi pia.

Selma hadi Montgomery ni kilomita 87 hivi. Wao walitumia siku tano, Machi 21 hadi 25. Sisi kwa gari, kabla hata ya nusu ya njia, nyuma kukaanza "tumefika?" Nilifurahi sana kuulizwa. Barabara hiyo inakutoa hadi mbele ya jengo la serikali ya jimbo, pale Jefferson Davis, rais wa majimbo ya watumwa yaliyojitenga, alipoapishwa 1861, na hatua chache tu kutoka hapo liko kanisa la matofali mekundu alilolichunga King wakati wa mgomo wa mabasi. Siku 381 Weusi walisusia mabasi yaliyowabagua, wakatembea kwa miguu.

Tulichobishania zaidi nyumbani ni ile kumbukumbu iliyofunguliwa 2018 kwa ajili ya Weusi waliouawa na makundi ya watu kati ya 1877 na 1950. Mwenye miaka minane aende? Tulikubaliana aingie hapo, lakini makumbusho yake ya ndani awaachie kaka yake na baba yao. Sijutii. Kuna nguzo za chuma zaidi ya 800, kila kaunti na yake, majina yamechongwa. Mwanzoni ziko usawa wa macho. Kadiri unavyotembea sakafu inashuka, nazo zinabaki juu, mpaka unazisoma shingo imekunjwa. Kitinda mimba alitafuta Fulton, kaunti yetu. Akaipata, akaanza kusoma majina kwa sauti, na mama mmoja tusiyemjua akasimama akamngoja amalize.

Kwa anayepanga: kwenye kumbukumbu hiyo msiende Jumatatu wala Jumanne, tulipokwenda palikuwa pakifungwa siku hizo. Chakula cha mchana kifungwe nyumbani, hasa cha upande wa Selma.

Birmingham, mji mwingine wa Alabama, tuliiacha. Huko, kwenye kanisa la 16th Street, bomu la wabaguzi liliua wasichana wanne Septemba 15, 1963, mdogo wao akiwa na miaka 11. Baba yao anataka tungoje kidogo. Kifungua mimba ameshaanza kulinganisha bei za hoteli.