Pasipoti ya Afrika Mashariki: kilichofanana na kisichofanana

Weka mezani pasipoti mpya ya Kenya, ya Tanzania, ya Uganda na ya Rwanda. Zote zina jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki kwenye jalada, pamoja na jina na nembo ya nchi husika. Ndiyo maana wengi huamini kwamba siku hizi Jumuiya inatoa pasipoti. Haitoi. Kilichokubaliwa Arusha ni sura ya kitabu. Kitabu chenyewe hutolewa na Uhamiaji wa kila nchi kwa sheria zake, na serikali hiyo ndiyo inayomdhamini mwenye nacho. Ukitaka ushahidi, fungua ukurasa wa taarifa utazame msimbo wa nchi iliyotoa: KEN, TZA, UGA au RWA. Msimbo wa Jumuiya haupo.

Iliwahi kuwepo pasipoti ya Jumuiya ya aina nyingine. Ilizinduliwa Aprili 1999 na ilitumika ndani ya nchi wanachama tu, hivyo aliyekuwa na safari ya Dubai au London alilazimika kuwa na vitabu viwili. Hii ya sasa, ya kimataifa na yenye chipu, ilizinduliwa na wakuu wa nchi Arusha Machi 2016. Ilipangwa ianze kutolewa Januari 2017, ikasogezwa hadi Januari 2018. Kenya ilizindua ya kwake mwisho wa Agosti 2017, Tanzania tarehe 31 Januari 2018, Uganda Desemba 2018, Rwanda Juni 2019. Kukubaliana sura kumbe ni kazi nyepesi kuliko kuviondoa vitabu vya zamani mikononi mwa watu. Kenya ilisogeza tarehe ya mwisho zaidi ya mara moja, na haishangazi: alama za vidole hazitumwi kwa posta, kwa hiyo Mkenya aliye ughaibuni lazima afike mwenyewe kwenye kituo.

Rangi nazo zilikubaliwa: buluu kwa pasipoti ya kawaida, kijani kwa ya kiutumishi, nyekundu kwa ya kidiplomasia. Kwa afisa mpakani rangi inasaidia kitu kimoja tu, kumwonyesha kwa mbali ni aina gani ya msafiri anakuja. Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa, ICAO, halina rangi linayolazimisha. Nchi za ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, zilichagua kijani. Ulaya walikubaliana rangi ya zambarau-nyekundu mwaka 1981, lakini Croatia imebaki na buluu yake na hakuna mpaka ulioikataa kwa sababu hiyo.

ICAO inalazimisha mengine, yaliyomo kwenye waraka wake namba 9303. Ukurasa wa taarifa una milimita 125 kwa 88. Chini yake kuna mistari miwili ya kusomwa na mashine, kila mmoja una nafasi 44, si 43 wala 45, na pasipo herufi panajazwa alama ya <. Hapa ndipo usumbufu mwingi wa wasafiri unapoanzia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mstari wa juu una aina ya hati, msimbo wa nchi, kisha jina, ambalo limepewa nafasi 39. Msimbo na jina la ukoo havitenganishwi, ndiyo maana anayeitwa Ng'ang'a ataona KENNGANGA<< na kudhani wamemwandika vibaya. Hawajakosea. KEN ni nchi, na ritifaa huondolewa kwenye mstari huo bila kuacha pengo. Kistari cha kuunganisha majina nacho hugeuka kuwa <. Juu ya ukurasa jina linaweza kubaki na ritifaa zake, na mtu akaliandika hivyo hivyo anapokata tiketi, kumbe kompyuta ya shirika la ndege inalinganisha na mstari wa chini. Tiketi ifuate mstari wa chini. Jina likizidi nafasi 39 hukatwa, na dalili ya kukatwa ni kwamba nafasi ya mwisho ina herufi badala ya <.

Mstari wa pili una namba ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, tarehe ya kuisha muda na namba binafsi. Katikati yake kuna tarakimu za ukaguzi. Hesabu yake unaweza kuifanya kwa kalamu. Chukua aliyezaliwa 17 Aprili 1985, yaani 850417. Zidisha kila tarakimu kwa 7, 3, 1, kisha urudie 7, 3, 1: unapata 56, 15, 0, 28, 3 na 7. Jumla 109. Baki ukigawanya kwa 10 ni 9, na hiyo 9 ndiyo inayochapishwa mara baada ya tarehe. Mashine ikisoma 3 badala ya 8 ya mwanzo, jumla inakuwa 74, baki 4, haiendani na 9, na kifaa kinaomba usome upya.

Herufi nazo hupewa thamani, A ikiwa 10 hadi Z yenye 35. Mfumo huu una matundu yake. S ni 28, na 28 ukigawanya kwa 10 inabaki 8. Maana yake kamera ikiisoma S kama 8 kwenye namba ya pasipoti, hesabu itakubali tu. G na 6 ni hivyo hivyo. Tarakimu mbili zinazofuatana zenye tofauti ya 5, kama 2 na 7, zikibadilishana nafasi nazo hupita bila kugunduliwa.

Kosa la namna hiyo linakuja kujitokeza kwenye chipu. Katika mfumo wa msingi, ufunguo wa kuifungua chipu hutengenezwa kutokana na namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuisha muda na tarakimu zake za ukaguzi. Mstari ukisomwa vibaya ufunguo unakuwa mwingine, chipu inakataa, na afisa anamwambia msafiri chipu yake imekufa. Kabla ya kuikubali hukumu hiyo, omba kwa adabu namba iingizwe kwa mkono. Mara nyingine tatizo ni uchafu au mkwaruzo juu ya herufi moja.

Chipu ikishafunguka inatoa yale yaliyo kwenye mistari miwili pamoja na picha ya uso, vitu viwili ambavyo ni lazima viwemo. Vidole ni hiari ya nchi na vina ulinzi wa ziada. Hapo linabaki swali zito: nani aliyeziandika taarifa hizi? Jibu ni saini ya kidijitali. Kila nchi ina cheti mama chake, kinachothibitisha vyeti vya kusainia, na hivyo ndivyo vinavyosaini chipu. Afisa wa Tanzania aliyeko Namanga anaweza kuitambua pasipoti ya Uganda kwa jalada, lakini mashine yake haiwezi kuthibitisha saini kama haina cheti mama cha Uganda. Vyeti hivyo hubadilishana serikali kwa serikali, na vingi hupatikana kwenye hifadhi ya pamoja ya ICAO iliyoanza mwaka 2007. Nchi ikibadilisha cheti na jirani asipokipokea, pasipoti halali kabisa itaonyeshwa kuwa na saini isiyojulikana, na afisa anarudi kwenye macho yake, taa ya urujuanimno na maswali.

Kwa maoni yangu, nguvu iliyotumika kwenye majalada ingetumika pia kuhakikisha kila kituo cha mpaka, hadi Mutukula na Rusumo, kina vyeti vya majirani wote na vinasasishwa. Msafiri hawezi kulirekebisha hilo. Anachoweza ni kukitunza kitabu. Usikitoboe, usikipige pini ya karatasi, wala usikikunje ili kiingie mfuko wa nyuma wa suruali, kwa sababu chipu imeungwa na antena ya waya mwembamba, na waya huo ukikatika mahali pamoja tu chipu haisomeki tena. Chipu iliyokufa haiifuti pasipoti: kitabu kinabaki halali hadi tarehe yake, ila usitegemee mageti ya kujihudumia, na kila kituo tenga muda wa foleni ya afisa.