Jasho linalong'aa kifuani

Jana usiku, kwenye gemu ya mieleka, nilimwacha mwanamieleka Undertaker atembee hadi ulingoni bila kubonyeza kitufe cha kuruka onyesho la kuingia. Kengele, giza, moshi sakafuni, kofia ikivuliwa polepole. Nilikaa kimya kabisa.

Mimi nilianza na gemu ya WWF No Mercy ya mashine ya Nintendo 64, ya mwaka 2000. Nyuso zilikuwa kama picha zilizobandikwa juu ya boksi, na mashabiki walikuwa bapa kama kadi. Lakini ukibonyeza kitufe upesi unapata mkamato mwepesi, ukikishikilia unapata mzito, na pambano lilipanda taratibu kama mieleka ya kweli. Halafu 2003, gemu ya Here Comes the Pain ikatuonyesha kiungo kipi kimeumia.

WWE 2K15 ilipokuja mwaka 2014, nyuso za wanamieleka zilikuwa zimepigwa skani. John Cena akawa John Cena hasa, hadi mikunjo ya paji la uso. Sasa jasho linaanza kung'aa kadiri pambano linavyorefuka, na hapo ndipo ninapoona uzuri wenyewe.

Nywele ndefu bado zinanikera, zinapenya mabegani kana kwamba mwili haupo.

Ila kwangu uhalisia mkubwa uko kwenye kuumia. Nikimpiga mtu mguu dakika kumi nzima, nataka achechemee. Asimame kwa kushika kamba. Akiinuka na kukimbia kama hajaguswa, ngozi iliyochorwa vizuri namna gani hainisaidii kitu. Nyinyi mnaangalia nini kwanza?